UZI: Harufu ya msitu ikikutana na moshi wa salfa, angani kunatokea nini?

Mwalimu wa Mipaina (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Wiki iliyopita, kwenye uzi mmoja wa mazingira, mtu alileta yale maneno ya Rais Reagan wa Marekani kwamba miti inachafua hewa kuliko magari. Akazomewa, uzi ukafia hapo. Mimi nilibaki na dukuduku, kwa sababu ndani ya maneno yale kuna kipande cha ukweli kilichokatwa katikati, na kile kipande kilichoachwa ndicho chenye uzito. Nafundisha kemia, naishi kandokando ya mashamba ya miti, na jambo hili nimelifuatilia kwa miaka. Naomba niliweke hapa taratibu.

Tuanze na pua. Ukiingia kwenye shamba la mipaina huku Sao Hill saa saba mchana, jua likiwaka, hasa pale magome yalipochanjwa ili kugema utomvu, utakutana na harufu nzito inayokaa kooni, ileile ya tapentaini ya fundi rangi. Utomvu unashuka kwenye mfuko wa plastiki, mweupe na mzito kama asali iliyoganda, na ukiusogelea macho yanawasha kidogo. Unachovuta pale ni molekuli, na mojawapo kubwa inaitwa alfa-pinini. Ina atomu 10 za kaboni na 16 za haidrojeni, na mahali pamoja kaboni mbili zimeshikana kwa bondi maradufu. Ishikeni hiyo bondi maradufu, maana tutairudia mpaka mwisho.

Mikaratusi inatoa kwa wingi kitu kingine, isoprini, molekuli ndogo yenye kaboni 5. Mpaina una mifereji ya kuhifadhia utomvu, kwa hiyo harufu yake hutoka mchana na usiku. Isoprini haina ghala. Jani likipata mwanga na joto linaitengeneza na kuiachia hapohapo, jua likizama inakatika. Mimea ya dunia nzima hutoa isoprini yenye kaboni ya takriban tani milioni 500 kila mwaka. Ukiacha methani na kaboni daioksaidi, mivuke ya kaboni inayotoka kwenye magari na viwanda vyote vya dunia haifiki hapo. Hicho ndicho kipande cha ukweli nilichokisema.

Upande wa pili yupo salfa daioksaidi, gesi inayotoka mtu akichoma makaa ya mawe au mafuta mazito, au volkano ikipumua. Ikibaki hewani mchana, adui wake mkuu ni radikali ya haidroksili, chembe yenye oksijeni moja na haidrojeni moja, isiyokaa hai zaidi ya sekunde. Kwa njia hiyo salfa huchukua siku nyingi, wiki hata zaidi, kugeuka asidi ya salfuriki. Ikiingia ndani ya tone la wingu lenye haidrojeni peroksaidi, kazi inaisha kwa saa chache au chini ya hapo. Asidi hiyo ndiyo mama wa mvua ya asidi na ukungu mweupe unaoziba milima, na pia ni mbegu ya mawingu.

Sasa hivi viwili, mvuke wa mti na gesi ya salfa, vikikutana hewa moja? Nakuja.

Kambi Popote

Nimeshakaa mkuu. Shusha.

Mkorosho Mzee

Mwalimu, kabla hujaendelea. Sisi huku Newala kila msimu tunapuliza salfa kwenye mikorosho kwa ajili ya ubwiriunga. Shamba zima linakuwa njano. Ndiyo hiyohiyo unayosema inaleta mvua ya asidi?

Mwalimu wa Mipaina

Swali zuri sana, mzee wangu. Ile ya unga wa njano ni salfa yenyewe, elementi, haijaungana na oksijeni. Ikitua kwenye jani inabaki unga, na kazi yake ni kumzuia kuvu. Inakuwa gesi ninayoizungumzia pale inapoungua. Kwa hiyo mfuko mtupu wa salfa usiuchome moto karibu na nyumba, utaona jinsi kifua kinavyobana. Na wakati wa kupuliza vaa barakoa, kitambaa peke yake hakitoshi, ule unga unaumiza macho na mapafu.

Tuendelee.

Huko Ufini, kaskazini-magharibi mwa Helsinki, kama kilomita 220, kuna mahali panaitwa Hyytiälä. Ni msitu wa misonobari uliooteshwa mwaka 1962, na katikati yake Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo chenye mnara na vipimo vinavyosoma hewa usiku na mchana tangu miaka ya 1990. Hapo ndipo hadithi ilipogeuka.

Watafiti walikuwa wanapima radikali ya haidroksili. Chembe hiyo ni chache mno, huwezi kuikamata mkononi, kwa hiyo unaipima kwa mtego. Unavuta hewa ya msitu kwenye bomba, unaongeza salfa daioksaidi iliyotengenezwa kwa salfa nzito, ile ya namba 34, ambayo porini ni chache. Radikali zikiishika zinaigeuza asidi nzito. Unahesabu asidi, unajua radikali zilikuwa ngapi. Ili kuhakikisha mtego haudanganyi, unarudia na safari hii unamwaga propani, gesi ileile iliyomo kwenye mitungi ya kupikia. Propani inazimaliza radikali zote. Hapo asidi inatakiwa ikome.

Haikukoma. Msituni, radikali zikiwa zimeshamalizwa zote, asidi nzito iliendelea kutengenezwa. Maana yake ndani ya hewa ya msitu kulikuwa na mkono mwingine unaoisukumia salfa oksijeni. Wakaingia maabara, wakachanganya ozoni na alfa-pinini, kisha ozoni na limonini, ile ya maganda ya ndimu na machungwa. Mkono ule ukatokea tena. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2012, mwandishi wa kwanza akiwa Mauldin.

Mkono huo una jina la mkemia Mjerumani Rudolf Criegee, aliyeueleza mwaka 1949. Ozoni ina oksijeni tatu. Inavamia ile bondi maradufu niliyowaambia mshike, inaivunja, na molekuli inapasuka pande mbili (kwa alfa-pinini, yenye umbo la pete, pande hizo hubaki zimeshikana mwilini). Upande mmoja ni wa kawaida. Kipande chenye upande wa pili kinabaki na oksijeni ya ziada inayoning'inia kwenye ncha, kikiwa na nishati kupita kiasi. Baadhi ya vipande hivyo husambaratika papo hapo na kuzaa radikali ya haidroksili, hata usiku wa manane. Vingine vinagongana na molekuli za hewa mpaka vinapoa, vinatulia. Kilichotulia kikikutana na salfa daioksaidi kinaiachia ile oksijeni ya ziada. Salfa inakuwa na oksijeni tatu, inagusa mvuke wa maji, inakuwa asidi ya salfuriki.

Kwa zaidi ya miaka 60 watu waliamini kipande hiki kipo bila kukipima moja kwa moja kikiwa kwenye gesi kikishindana na salfa. Januari 2012, Welz na wenzake kwenye jarida la Science walikitengeneza kile kidogo kuliko vyote, chenye kaboni moja, wakapima kasi yake. Ilikuwa kubwa kupita makadirio yaliyotumika kabla, kwa mara maelfu. Mwaka mmoja, maabara na msitu vikasema jambo moja.

Binti Wete

Shikamoo mwalimu. Mimi nipo Pemba. Msimu wa karafuu huku hata usiku kijiji kizima kinanukia, karafuu zimeanikwa barazani na njiani, na kiwandani wanapochemsha makonyo ndiyo usiseme. Hiyo nayo ina bondi maradufu?

Mwalimu wa Mipaina

Marahaba binti. Inazo mbili. Harufu yenyewe unayoijua ni yujenoli, lakini ndani ya mafuta ya karafuu kuna kariofilini, na jina hilo lilitoka kwenye jina la zamani la kisayansi la mkarafuu. Ina kaboni 15. Kwa ozoni ya kawaida ya shambani, kariofilini haimalizi dakika chache, imeshavunjwa. Na kwa sababu ni molekuli kubwa, nishati ya mpasuko inasambaa mwilini mwake, kwa hiyo vipande vyake vingi vinatulia badala ya kusambaratika. Kwa hiyo harufu inayokufikia mbali na baraza ni ile iliyookoka. Nyingine imeshakuwa kitu kingine njiani.

Injinia Mstaafu

Mwalimu, nakuheshimu, ila usiwaache watu na ile furaha ya 2012. Baada ya hapo maji yaliharibu hesabu. Hewa ina mvuke wa maji mara mamilioni kuliko salfa daioksaidi. Kile kipande kidogo chenye kaboni moja kinauawa na maji, hasa molekuli mbili za maji zikiwa zimeshikana. Hilo lilionyeshwa 2015. Na kipande hicho ndicho isoprini inachokizaa kwa wingi. Kwa hiyo kwenye msitu wa joto wenye unyevu, mkono wako umekatwa.

Mwalimu wa Mipaina

Injinia, upo sahihi, na ahsante kwa kuniwahi maana nilikuwa nalipeleka huko. Ukijumlisha dunia nzima, radikali ya haidroksili bado ndiyo inayobeba kazi kubwa ya salfa kwenye gesi. Lakini vipande haviko sawa. Ile oksijeni ya ziada inaweza kuelekea upande wa mwili wa molekuli au upande wa nje. Ikielekea upande wa mwili, maji hayaifikii kirahisi, na vipande vya alfa-pinini na limonini vina maumbo hayo. Navyo vina kifo chao kingine, huvunjika vyenyewe kadiri joto linavyopanda. Ndiyo maana nasema njia hii ni ya misitu ya misonobari yenye baridi, ya alfajiri na usiku wakati jua halijaamsha radikali nyingi. Nisingeipeleka bonde la Kongo.

Ila msitu haumalizii hapo. Una njia nyingine ya kuishika salfa, na hii mimi naiona nzito zaidi kwa afya ya watu.

Nendeni kusini-mashariki mwa Marekani. Miti ya mialoni kila upande, isoprini kwa wingi, na kwa miaka mingi mitambo ya umeme ya makaa ya mawe ilisimama katikati ya misitu hiyo. Ile milima ya Great Smoky, Wacherokee, wenyeji wa asili wa huko, waliiita mahali pa moshi wa bluu. Moshi ule wa bluu ni wa miti. Chembechembe ndogo mno zinazotokana na mivuke ya mimea hutawanya mwanga wa bluu kuliko mwekundu, na Frits Went aliliandika hilo mwaka 1960. Lakini wazee waliokaa pale karne ya 20 waliona bluu ikigeuka nyeupe, kijivujivu, mlima wa pili hauonekani. Hiyo nyeupe ilikuwa salfa.

Majira ya joto ya 2013, watafiti wengi walipiga kambi Centreville, Alabama, kutazama jinsi hivi viwili vinavyoshikana. Njia iko hivi. Isoprini inakutana na radikali ya haidroksili, hewa isipokuwa na moshi mwingi wa naitrojeni inachukua oksijeni, inakutana na radikali tena, na mwisho inakuwa molekuli yenye pembetatu ndogo, kaboni mbili na oksijeni moja zimekunjwa kwa nguvu kama mtego wa panya uliotegwa. Ikielea peke yake, ni gesi tu. Ikigusa chembe yenye unyevu na asidi ya salfuriki, asidi inafyatua pembetatu. Inafunguka, maji yanaidaka upande mmoja au salfeti (kiini cha asidi hiyo, salfa yenye oksijeni nne) yenyewe inaidaka. Ikidakwa na salfeti, molekuli ya jani na molekuli ya bomba la moshi zinakuwa kitu kimoja, salfeti ya kaboni, na hairudi tena kuwa gesi.

Kwa hiyo ile chembe unayoivuta pale Alabama, ukiipasua ndani utakuta kaboni ya mwaloni. Mtu asiyeelewa atasema umeona, miti ndiyo inachafua. Lakini vipimo vilionyesha kiasi cha kaboni hiyo kwenye chembe kinafuata kiasi cha salfeti. Salfeti ikiongezeka, msitu unanaswa zaidi. Ikipungua, isoprini inabaki gesi na kuendelea na safari yake. Mti ulikuwepo miaka yote. Kilichobadilika ni bomba.

Na bomba lilibanwa. Sheria ya hewa ya Marekani ilifanyiwa marekebisho 1990, na kufikia 2020 salfa daioksaidi kutoka mitambo ya umeme ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 90. Walipopunguza salfa walipata mara mbili, salfeti ilishuka na ile chembe ya kaboni ya miti iliyokuwa inategemea salfeti ikashuka nayo. Hakuna aliyekata mwaloni ili kuipata faida hiyo.

Kambi Popote

Hapo kwenye mtego wa panya nimesoma mara tatu. Kumbe ndiyo maana yake.

Mchikichi wa Ujiji

Mwalimu, Kigoma tunahimizwa kupanda michikichi kwa maelfu. Nimesoma mahali kwamba mchikichi unatoa isoprini kupita msitu wa asili. Tuache?

Mwalimu wa Mipaina

Kaka, ni kweli mchikichi unatoa nyingi, ilipimwa Borneo mwaka 2008 na mashamba ya michikichi yaliushinda msitu wa asili uliokuwa jirani. Ila rudi kwenye kanuni ileile. Isoprini inasubiri mwenzake. Ikikutana na moshi wa naitrojeni kutoka magari na jenereta inazaa ozoni inayounguza mapafu na mazao. Ikikutana na salfeti inazaa chembe. Ukipanda, panda, ila msikubali kiwanda cha kukamua mawese kiwashe boila ya mafuta mazito katikati ya shamba. Hilo ndilo la kusimamia kwenye mkutano wa kijiji.

Na tusidhani huku kwetu hakuna kilichofanyika. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015. Meli zote duniani, pamoja na zinazotia nanga Mombasa na Dar, tangu tarehe 1 Januari 2020 zinatakiwa kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.5, kutoka 3.5 ya zamani, labda ziwe zimefunga mitambo ya kuosha moshi.

Mwanafunzi wa Kidato

Shikamoo mwalimu. Umesema asidi ya salfuriki ni mbegu ya mawingu. Sasa kabla ya viwanda mawingu yalipata wapi mbegu?

Mwalimu wa Mipaina

Marahaba. Vumbi, chumvi ya bahari na moshi wa mioto ya nyika vilikuwepo. Bahari nayo inatoa salfa yake. Viumbe vidogo vya majini vya jamii ya mwani vinatoa gesi iitwayo daimethili salfaidi, ile harufu ya pwani upepo ukivuma toka baharini, nayo hewani hugeuka asidi. Lakini jibu la kusisimua lilitoka 2016, pale CERN, maabara kubwa ya fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kwenye tangi la chuma waliloliita CLOUD. Walisafisha hewa mpaka salfa ikakaribia kwisha, wakaweka ozoni na alfa-pinini. Chembe mpya zikazaliwa. Kipande cha pinini kinajibebesha oksijeni moja baada ya nyingine mpaka kinakuwa kizito, hakiwezi kuelea tena kama gesi, kinashikana na mwenzake. Yaani msitu unaweza kujitengenezea mbegu zake wenyewe bila kusubiri salfa. Kwa muda mrefu tulidhani bila asidi ya salfuriki hakuna kuzaliwa.

Mtoto wa Goma

Jambo mwalimu, jambo wote. Nafuata huu uzi tangu asubuhi. Sisi wa Goma salfa tunaishi nayo. Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa moshi, usiku zamani tulikuwa tunaona mwanga mwekundu juu, mpaka ule mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021. Mazuku tunaijua, lakini hiyo ni kaboni daioksaidi, inalala mabondeni na kuua mbuzi na watoto. Mimi nauliza juu ya moshi wa mlima. Upepo mara nyingi unaupeleka magharibi, upande wa Masisi. Bibi yangu anakaa huko. Mabati yake yanatoboka kwa haraka, maharage yanaungua majani, na maji ya kunywa ni yale ya kukinga paani. Msitu unafanya iwe mbaya zaidi?

Mwalimu wa Mipaina

Ndugu yangu, pole sana kwa bibi. Nitajibu kwa vipande.

Mabati na maharage, usiulaumu msitu hata kidogo. Volkano haitoi salfa peke yake, inatoa pia haidrojeni kloraidi na haidrojeni floraidi, na hizo zinayeyuka kwenye mvua moja kwa moja bila kusubiri kemia ya mtu yeyote. Karibu na mlima ndizo zinazouma kwanza. Floraidi ndiyo inayonitia hofu kwenye maji ya bibi, kwa sababu haionekani na kuchemsha hakuiondoi. Inaharibu meno ya watoto, na ikizidi, mifupa. Mvua ya kwanza inayoosha paa aimwage, na siku moshi umeelekea kwao, akiweza, asikinge kabisa.

Mbali zaidi, moshi ukishaingia juu ya miti, hapo msitu unavuta huku na huku. Isoprini inazimeza radikali za haidroksili, kwa hiyo salfa kwenye hewa kavu inachelewa kugeuka. Lakini isoprini hiyohiyo ikioksidishwa inazaa haidrojeni peroksaidi, na kule kwenu mawingu yanalala mlimani karibu kila siku. Salfa ikiingia kwenye wingu lenye peroksaidi ya msitu, inageuka upesi, mpaka peroksaidi iishe. Kwa moshi mzito kama wa mlima wenu, peroksaidi ndiyo huisha kwanza. Vile vipande vya Criegee kule sivitegemei, unyevu ni mwingi, Injinia ameshatufundisha. Mtego wa pembetatu nautarajia, kwa sababu isoprini ipo, asidi ipo, unyevu upo.

Nikuulize na mimi. Asubuhi, kabla upepo haujaamka, vilima vya Masisi ukivitazama kwa mbali vina rangi gani?

Mtoto wa Goma

Nimempigia bibi simu. Anasema siku ambazo moshi hauendi kwao, vilima vya mbali ni bluu, kama moshi wa sigara. Siku moshi unapita, ni nyeupe, hata mti wa parachichi wa jirani hauoni vizuri, na mdomoni kuna ladha kama ya msumari. Nimemwambia habari ya kumwaga maji ya kwanza. Ameuliza amwage madumu mangapi.

Mwalimu wa Mipaina

Mwambie aanze na kumwaga mpaka maji yanayotoka paani yasiwe na rangi wala ladha ya msumari, ndipo aweke dumu. Paa la nyumba ya kawaida, si chini ya madumu mawili ya lita 20. Floraidi haina ladha ya kumwonya, kwa hiyo siku ya ukungu mweupe asipime kwa ulimi, aache tu.